Muhuri wa Mama Rula na Kipeperushi cha Kijani

Nawaomba sana, wenzangu wawakilishi mnaowapelekea madaktari matangazo yetu ya dawa: neno lolote la karatasi hii lisitoke kwenu kabla ya Ijumaa. Mkuu akiiona mapema ataizuia. Wasifu wa Mama Rula uliochapwa kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga niliuandika mimi, na umeficha jambo. Huu ndio wa kweli.

Mama Rula, mhakiki wetu wa matangazo, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina hilo mlimpa ninyi, kwa ile rula ya chuma anayopimia kila mchoro wa takwimu. Mchoro ukianzia sitini ili dawa yetu ionekane imeruka juu, yeye huuchora upya kuanzia sifuri, nayo dawa ikarudi kimo chake. Mlisema ukimpa kadi ya siku ya kuzaliwa atadai kwanza cheti cha kuzaliwa. Alicheka, kisha akawarudishia tangazo lenu. Hakuna sentensi iliyopata muhuri wake kabla hajausoma utafiti wenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Mwezi wa tatu alikwenda kumuuguza dada yake, akaniachia mimi, msaidizi wake, muhuri. Kipeperushi cha kijani kilidai kwamba dawa yetu ya maumivu ni salama kwa wazee wenye figo dhaifu. Mlikuwa mnakisubiri mlangoni. Nikasoma muhtasari wa utafiti tu, nikagonga muhuri. Utafiti wenyewe ulifanywa kwa vijana wenye afya njema, kwa wiki mbili.

Daktari mmoja alipolalamika, Mama Rula akiwa amesharudi, mkuu alituita sote wawili. Mama Rula aliwahi kujibu kabla yangu: "Muhuri ni wangu." Mimi nikamwacha aseme hivyo. Tulipotoka akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mimi naondoka, wewe ndiyo kwanza umeanza. Ila vile vipeperushi virudi." Akapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yote hiyo. Vipeperushi havijarudi, mkuu anataka sherehe ipite kwanza.

Mama, asante kwa kunifundisha kazi. Upumzike vizuri, na dada yako apone kabisa. Naona haya kukutakia heri ilhali unabeba kosa langu. Ijumaa, kabla ya hotuba, nitalikiri kwa mkuu kwa maandishi.

Ninyi wenzangu, kesho wapitieni madaktari wote mliowapa vipeperushi vile, muwaeleze utafiti ule ulifanywa kwa watu gani, mvichukue. Nileteeni kwenye chumba cha nyaraka asubuhi inayofuata, mlango wa pili baada ya ngazi, kati ya saa tatu na saa nne, mkuu akiwa kikaoni. Msipige simu, inapitia mapokezi. Mkikuta mlango umefungwa, visukumeni kwa chini. Nitakuwa ndani.