Mahindi ya Zambia

Soya ya Mama Tamar iliungua juani, kwa hiyo kwenye treni ya kwenda Kamina alikalia gunia la mahindi, tumaini lake la mwisho. Nahum, mchuuzi wa nafaka, aling'ata punje moja kwa uzito wa padri anayeonja divai.

“Mama, iko na mayi bado, haiyakauka. Na mahindi ya Zambia inajaa ku gare, kwenye tutashukia, bei ilianguka. Uniuzishe sasa.”

“Weye uliiona?”

“Minyi mwenyewe, na macho yangu!”

Tamar akapapasa gunia lake. Akimwamini mwongo, watoto watalala njaa.

“Acha tufike, papa.”

“Tukifika, nitakupa nusu ya bei tu!”

Treni ikapunguza mwendo. Aliyekimbilia dirishani kwanza, shingo nje, kutafuta mahindi ya Zambia, alikuwa Nahum.