Marehemu Tobias Obuya na Dakika Saba za Asubuhi

Tobias Ogola Obuya alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, huko Ugenya, Siaya. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Yohana Obuya na Mama Turfosa Adero, ambao wote wametangulia. Anayewasomea wasifu huu ni kaka yake mkubwa, Elisha, aliyemzidi miaka saba, na humu atajitaja kama kaka yake, jinsi desturi inavyotaka. Siku Tobias alipozaliwa, kaka yake alitumwa kuteka maji mara nne bila kuambiwa sababu. Aliporudi mara ya nne alikuta kila mtu amemzunguka mtoto, na hakuna aliyemsaidia kutua ndoo. Tangu hapo mambo yalikwenda hivyo.

Tobias alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akajiunga na sekondari ya misheni na kumaliza kidato cha nne mwaka 1980. Kaka yake aliishia darasa la sita. Mengine aliyajua baadaye kwa kusoma karatasi za majaribio katika kiwanda cha uchapaji, kabla vitabu havijachapwa, neno kwa neno, akisahihisha makosa ya watu wenye shahada. Ieleweke kwamba herufi za kwanza Tobias alifundishwa na kaka yake, kwa mkaa, juu ya mlango wa jikoni. Alizijua zote kwa siku mbili. Kaka yake zilimchukua muhula mzima.

Januari 1982 kaka yake alimleta Nairobi na kumtafutia kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Mzee Harjit, mtaa wa nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, ambako yeye mwenyewe alikuwa tangu 1974. Siku hizo herufi zilikuwa za madini ya risasi na zilipangwa kwa mkono, na mtu aliyepanga ukurasa vizuri alijulikana mtaa mzima. Sasa anajulikana nani? Tobias aliwekwa upande wa kujalidi vitabu.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1985, mashine ya kukatia karatasi ilimkata ndugu Kisilu vidole viwili. Kesho yake kaka yake Tobias alikwenda kwa Mzee Harjit kuomba ruhusa wafanyakazi wasali kabla ya mashine kuwashwa. Mzee Harjit, ambaye ni Singasinga na mtu wa sala kwa dini yake, alisema, "Ombeni, mimi sina shida. Lakini dakika saba. Mungu hana haraka, mteja ndiye iko na haraka." Hapo ndipo maombi yale yalipoanza. Siku hizi mnayaita maombi ya Tobias. Yaandikwe leo, mara moja na basi, kwamba aliyeyaanzisha ni Elisha Obuya.

Kaka yake aliyaongoza miaka sita, kwa kitabu cha sala, kwa Kiswahili kilichonyooka. Ndiye pia aliyeweka sheria kwamba ndugu Kaindi, mkataji, asishushe kisu mpaka kila mtu aseme Amina kwa sauti, ili ajulikane kuwa ameamka na mikono yake iko mbali. Mwezi wa Mei 1991 kaka yake alilazwa kwa malaria wiki mbili. Aliporudi na kitabu chake kwapani, Kaindi alimwambia, "Mzee Elisha, pumzika kidogo. Wacha Tobi atuombee."

"Nimeshapumzika wiki mbili."

"Ongeza ya tatu. Yako ni tamu, lakini ikiisha chai imepoa. Ya Tobi ni fupi na inafika."

Watu walicheka, na Tobias aliangalia viatu vyake. Kitabu hakikufunguliwa tena pale.

Namna yake Tobias ilikuwa hii. Alizunguka akimwuliza kila mmoja, "Leo uko na nini?" Mmoja alisema mtoto ana surua, mwingine mwenye nyumba amempa notisi. Kisha alifumba macho na kuyataja yote kwa Mungu, jina kwa jina, bila kuandika popote na bila kukosea. Bi Nurjahan, karani wetu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa akisimama mlangoni na faili zake na kusema, "Tobi, mtie na mama yangu, goti linamsumbua." Alimtia. Kaka yake alijaribu namna hiyo peke yake nyumbani, mbele ya kioo. Alisahau jina la tatu.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1993, Tobias alimwoa Philister, mwanakwaya wa kanisa la hapa Waithaka, na wakakaa hapa hapa. Mungu aliwajalia watoto wawili. Kwa arusi hiyo Mzee Harjit alifunga kiwanda siku nzima. Kaka yake alipooa, mwaka 1979, alipewa nusu siku.

Kaka yake alistaafu mwaka 2013. Tobias aliendelea hata baada ya Mzee Harjit kumwachia bintiye usimamizi na mashine za kompyuta kuingia. Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tangu alipoacha kwenda kazini, maombi pale yanatoka kwenye simu ya kijana mmoja, Waweru, mhubiri anayepiga kelele na asiyejua mama wa mtu yeyote ana goti. Hata sala za kitabu, zilizochelewesha chai, zilikuwa na heshima kuliko hizo.

Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, kaka yake alimtembelea hospitalini mchana. Wagonjwa wa wadi nzima walikuwa wameshamwambia Tobias shida zao. Aliwaombea, wakaitikia. Kisha akageuza kichwa juu ya mto, akamtazama kaka yake.

"Omera," alisema, maana ndivyo, kwa Kijaluo, alivyomwita kaka yake, "kiwandani tulikuwa watu kumi na wawili. Unitoe mimi ninayeomba. Amina ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nilikuwa nasikia kumi."

Kaka yake alisema alikuwa na kikohozi.

"Miaka ishirini na mbili?" Tobias alicheka mpaka nesi akaja kutazama. "Na Kaindi alikuwa anashusha kisu kwa sababu nilikuwa nakuangalia mikono, kisha nampa ishara. Niliona iko mbali. Mdomo nikakuachia."

Kaka yake alichukua kofia yake, akasema atarudi Ijumaa. Tobias alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na mkewe.

Ameacha mjane, Philister, watoto, Veronicah na Yohana, wajukuu watatu, dada, Prisca, na wafanyakazi wenzake, ambao wamechapa kitabu hiki cha ibada na kukikata kingo wao wenyewe. Ameacha pia kaka.

Kaka huyo ni mimi. Nilimwonea wivu ndugu yangu tangu siku ya ndoo, na sijamaliza. Kesho tunampeleka Ugenya, na huko pia najua watamlilia kuliko watakavyonililia. Lakini yale maombi yalikuwa yake, kwa sababu mimi nilimsomea Mungu kitabu, na yeye alimwambia habari zenu. Kila asubuhi nilisimama karibu na mashine nikiwa na neno lile mdomoni, nikalimeza.

Kwa hiyo nawaomba, nikimaliza msinitangulie. Ninyi mlimpa Amina zenu kwa wakati wake. Niacheni niseme peke yangu kwanza, kwa sauti, kisha mfuate.

Tobias, umefanya kazi, sasa lala salama.

Amina.