Picha ya Kifua cha Onsongo

Waliokuwepo Jumamosi ile ya Novemba 1971, kwenye benchi nje ya hoteli ya Bonareri pale Mogogosiek, ni hawa: Kipkemoi, fundi wa mashine kiwandani, tuliyemwita Spana; Ratemo Nyakundi, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo, na kwa sababu ya mdomo wake; Bonareri mwenyewe, aliyetusikiliza akiwa jikoni; mimi, karani wa shamba; na Nyaberi Ogari, mchuma chai, mwenye bahasha kubwa ya kaki magotini.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya eksirei. Daktari wa misheni alikuwa amemwambia ni kansa ya mapafu, akamwandikia barua aende Nakuru, daktari mwingine aitazame naye aseme lake. Lakini barua, kama picha, ilikuwa na jina la Onsongo Ogari. Onsongo ni kaka yake. Ndiye aliyeandikwa kazi mwaka 1958, akachoka, akarudi Kisii mwaka uliofuata na kumwachia Nyaberi kadi ya kazi. Kwa miaka kumi na miwili, shambani, zahanatini na hata kwa daktari wa misheni, Nyaberi aliitika kwa jina hilo.

Spana: Lete hiyo picha. (Akaiinua juani.) Hii doa nyeupe ni nini?

Nyaberi: Ndiyo hiyo.

Spana: Hii? Hii ni kifungo ya shati!

Nyaberi: Nilivuliwa shati, Spana.

Redio: Basi ni moshi. Umelala karibu na jiko miaka mingapi? Moshi ikikaa kifuani inaganda. Kunywa maziwa moto, utatapika yote.

Bonareri: Na wewe Redio, umevuta sigara tangu ukiwa kijana. Yako imeganda wapi?

Redio: Mama, mimi yangu inatoka na maneno.

Tulicheka, hata Nyaberi.

Spana: Ngojeni. Mashine inafuata jina. Uliingia kama Onsongo, ikapiga Onsongo. Huu ugonjwa ni wa ndugu yako kule Kisii!

Redio: Kweli kabisa! Na yeye ana kitambulisho ya hilo jina. Apande basi, aende Nakuru na hii picha, aulizie.

Nyaberi alicheka tena, na kicheko kikageuka kikohozi. Tulingoja. Kilichukua muda mrefu. Alipangusa mdomo kwa kitambaa, akakikunja haraka.

Nyaberi: Mzee Karani, wewe ndiye unajua mambo ya ofisi. Nakuru wanataka kitambulisho, na changu kinasema Nyaberi. Niandikie barua kwamba Onsongo wa shamba ni mimi.

Mimi: Nikiandika hivyo, utatolewa kwa nyumba ya kampuni. Wewe na watoto.

Nyaberi: Sasa nifanye nini?

Mimi: Meneja yuko likizo Ulaya. Ngoja arudi mwezi wa pili. Nitamweleza polepole.

Sikumwambia kwamba mimi pia ningefukuzwa. Nilijua tangu asubuhi ile ya 1959, nilipoita Onsongo Ogari na uso mwingine ukaitika. Niliweka alama, nikaendelea na jina lililofuata.

Redio: Miezi mitatu si kitu. Kama ugonjwa ni wa Onsongo, haraka ya nini?

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mgeni, Sally, mwenyeji wa Chebunyo, aliyemletea Bonareri maziwa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa amesikia yote.

Sally: Samahani, wazee. Ugonjwa ni wa Onsongo, nimesikia. Na huyu anayekohoa ni nani?

Spana aliirudisha picha ndani ya bahasha. Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Nyaberi alinitazama mimi.

Bonareri alitoka akakusanya vikombe, akasema chai imekwisha. Tuliisikia sufuria ikichemka nyuma yake.

Barua ya Nyaberi niliiandika mwezi wa pili, mistari minne, kwa jina lake kamili. Meneja alitia sahihi akiwa amesimama, bila kuuliza neno. Nyaberi Ogari alifariki Alhamisi, tarehe 9 Machi 1972.