Mzee wa Pini na Orodha ya Ubao wa Nje

Miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na tisa. Hiyo ndiyo hesabu yake mwenyewe ya utumishi, na tunaijua kwa sababu alituletea ikiwa imechapwa na kugongwa muhuri. Tarehe 30 Juni karani mkuu wa masjala ya baraza la mji, ambaye jengo zima linamwita Mzee wa Pini, anastaafu, na sisi wa masjala tumechangamka hadi kazi zimetushinda.

Alianza kama mpeleka barua. Jina alilipata kwa pini za kubandikia matangazo anazochomeka kwenye ukosi wa koti. Siku ya harusi ya bintiye alimkumbatia mkwewe, na mkwe akaruka juu. Picha tunayo.

Lakini kilichomtangaza mjini ni kosa. Miaka sita iliyopita, akikimbilia kliniki ya macho, alichanganya karatasi mbili. Tangazo la leseni alilitia jaladani, na orodha ya posho za safari za madiwani akaibandika kwenye ubao wa nje, mbele ya foleni ya wananchi. Akafunga kioo cha ubao, akaondoka na funguo.

Aliporudi, foleni ilikuwa imegeuka darasa. Fundi cherehani mmoja alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba diwani aliyelipwa posho ya semina ya siku nne, tena mji wa mbali, siku hizo hizo alikuwa dukani kwake akipimwa suti.

Ikaja barua ya kujieleza. Wakubwa walimtaka aibandue orodha na atangaze kwamba ilikuwa na makosa, la sivyo kazi hana. Watoto wake wadogo wawili walikuwa bado shuleni. Sisi wenzake, tuseme ukweli, tulijificha nyuma ya majalada. Yeye akajibu kwa upole: "Nikipewa amri kwa maandishi, nitaibandua. Na hiyo amri nitaibandika pale pale."

Hakupatikana wa kutia saini. Diwani wa suti alirudisha fedha mwezi uliofuata, risiti ikabandikwa pembeni, na tangu hapo orodha hutoka kila mwezi. Wenye vibanda sokoni, waliokuwa wamegoma kulipa ushuru wakisema unaliwa na wakubwa, walianza kurudi dirishani kwetu mmoja mmoja. Choo cha soko, kilichoahidiwa katika chaguzi tatu, sasa kina maji.

Mwaka huu alikosa raha kabisa, akihofia kwamba akiondoka, orodha nayo itaondoka. Wiki iliyopita baraza lilipiga kura kuifanya iwe sheria ya mji. Madiwani wote waliinua mikono, na wa kwanza alikuwa yule wa suti. Mzee wa Pini alilia mbele za watu bila aibu, nasi tukalia naye kwa furaha.

Asante, kaka yetu, kwa kutufundisha kutoogopa karatasi zetu wenyewe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wa kukusumbua. Kuanzia Julai mosi utasimama kwenye foleni, mwananchi kama wengine. Ukiona jambo usilolielewa kwenye orodha, njoo dirishani uulize. Tutakujibu.