Watubariki au Atubariki: Maisha ya Katekista Antipasi Mughwai, 1926–1978

Padre, wazee wangu, shikamooni. Ndugu na majirani mliotembea juani kutoka kijijini mpaka huku mahameni, poleni. Mimi ni Kristina, mdogo wake marehemu. Mimi ndiye niliyemwachisha ziwa. Nimeambiwa nisome kwa kifupi kwa sababu watu wamechoka. Kwa kifupi, kaka yangu alizaliwa, akafanya kazi, akachoka, akafa. Lakini karatasi hii imepigwa chapa misheni, na mpiga chapa ametaka tarehe na mahali, kwa hiyo mtanivumilia kidogo.

Marehemu Antipasi Mughwai alizaliwa tarehe 17 Januari 1926 hapa hapa Issuna, katika boma la baba yetu Mzee Mughwai, ambalo mnaona kuta zake hapo nyuma yenu. Tarehe hiyo aliikadiria padre aliyembatiza. Mama yetu alijua tu kwamba uwele ulikuwa umefika magotini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na leo nimebaki mimi peke yangu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1937 mpaka 1941, akamaliza darasa la nne, ingawa nusu ya masomo hayo aliyafanya nyuma ya ng'ombe wa baba. Huko shuleni ndiko alikofundishwa kuimba Misa kwa Kilatini. Aliimba Kilatini kwa miaka mingi bila kujua anachosema, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwambia amekosea hata neno moja.

Mwaka 1944 alikwenda manamba kukata mkonge huko Kilosa. Alirudi mwaka 1947 akiwa na blanketi moja na kikohozi. Alisomea ukatekista, na tangu mwaka 1950 alifundisha dini hapa Issuna na kuongoza kwaya mpaka ugonjwa ulipomkamata. Wengi wenu mmebatizwa baada ya kupita mikononi mwake, na wengine mnakumbuka kiboko chake cha bua la mtama, ambacho hakikumuumiza mtu. Makatekista wenzake walipofundisha Utatu Mtakatifu kwa mfano wa mafiga matatu na chungu kimoja, yeye alikataa. Alisema mafiga ni mawe matatu hata ukiweka juu yake chungu kizuri namna gani, na Mungu si hivyo. Mtoto akiuliza Mungu yukoje basi, alimjibu, "Fanya ishara ya msalaba, mwanangu, tuendelee."

Tarehe 18 Agosti 1951 alifunga ndoa na Felista, binti wa Mzee Petro wa Ikungi. Alipokwenda kuposa aliulizwa na baba mkwe amempendea nini binti huyo, akajibu, "Sauti." Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu, kwa sababu mtu mwenye adabu huanza kutaja ng'ombe. Lakini alisema kweli. Wifi yangu Felista akiimba, hata kuku walikuwa wanatulia. Mungu aliwajalia watoto watano. Mmoja alifia tumboni. Wa mwisho, Petro, alifariki kwa surua mwezi Oktoba 1968, akiwa na miaka sita. Kaburi lake ni hilo dogo hapo pembeni ya hili lililochimbwa leo.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu maisha ya kaka yangu yalikwama hapa.

Baada ya Petro kuzikwa, waombolezaji walitawanyika na nyumba ikanyamaza. Siku moja wifi alikuwa anasaga mtama, na kaka, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu mazishi, akaanza kuimba polepole akifuata mwendo wa jiwe lake la kusagia: "Baba na Mwana na Roho, watubariki." Wifi akaitikia. Hivyo ndivyo wimbo ulivyozaliwa. Wakati huo tulikuwa tumeruhusiwa Kiswahili na ngoma kanisani, basi kwaya ikaufanyia mazoezi, na tukauimba Jumapili ya Utatu Mtakatifu, tarehe 1 Juni 1969. Watu walilia. Hata mimi, ambaye machozi yangu huwa hayaji kirahisi, nililia.

Baada ya Misa Padre Melkizedeki, ambaye tunaye hapa leo, alimwita kaka.

"Mwalimu, mmeimba nini?"

"Wimbo wa Utatu Mtakatifu, Padre."

"Watubariki. Miungu wangapi hao?"

"Mmoja, Padre. Nafsi tatu."

"Mmoja hasemwi 'wa'. Mwisho wa Misa mimi nasema 'Awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.' Umewahi kunisikia nikisema 'wawabariki'? Imbeni 'atubariki'."

Kaka alitamani ardhi ipasuke immeze. Jambo hilo alikuwa akilifundisha yeye mwenyewe kila wiki. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe kwamba neno limebadilika. Wifi aliendelea kupepeta mtama wake, kisha akasema:

"Padre anamtaja Mungu kwanza, ndiyo maana 'awabariki' inakaa. Wewe umesema Baba, ukaweka 'na', ukasema Mwana, ukaweka 'na' tena. Baba na mtoto wakifika hapa kwangu, nitasema 'amefika'?"

"Ni nafsi tatu katika Mungu mmoja, Felista."

"Najua. Umenifundisha mwenyewe. Nakuuliza Kiswahili."

Kaka alijaribu kuliingiza neno Mungu mwanzoni mwa wimbo, lakini ngoma haikulipa nafasi; wapigaji walijikwaa kila mara. Basi Jumapili iliyofuata wanaume wakaimba "atubariki", na wanawake, tukimfuata wifi, tukaimba "watubariki", na kila upande ukapaza sauti kuushinda wa pili. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Padre akasema wimbo huo ukae kando mpaka tutakapoweza kuuimba kwa mdomo mmoja. Watu walianza kutucheka. Mzee Mselemu wa dukani alituuliza ugomvi wenu Wakristo ni wa nini, tukamweleza ni kama tuseme Mungu kwa umoja au kwa wingi. Akasema, "Msinitie humo. Mimi swali hilo nimeshalijibu alfajiri."

Kaka alimbembeleza wifi mbele yangu, pale kwenye jiwe la kusagia. Alimwambia, "Mama Fabiano, mimi ni katekista. Nitafundishaje watoto jambo moja na kuimba jingine?"

Wifi akamjibu, "Mtoto alipokwisha kutoka humu ndani, siku ile ulipoimba 'watubariki' niliona wameingia watatu, wakaketi nami. Nyumba ikawa na watu. Sasa unataka niwatoe wawili?"

Kaka hakumwomba tena maisha yake yote. Kusema "wa" ilikuwa ni kuiacha imani aliyoapa kuifundisha, na kusema "a" ilikuwa ni kumfukuzia mke wake wageni. Kwa hiyo aliacha kuimba. Alisimama mbele ya kwaya kila Jumapili akipunga mkono, mdomo umefungwa, na mkewe akaimba nyimbo nyingine bila kumtazama. Walilima pamoja, wakala pamoja, hawakutukanana. Lakini nyumba ya waimbaji wawili iliyonyamaza inachosha hata anayepita nje. Nasema hivyo kwa sababu nilipita nje kila siku.

Mwaka 1974 ilikuja operesheni ya vijiji, tukahamishwa wote kutoka huku kwenda kwenye mistari ya kijiji kule barabarani. Kaka alibomoa tembe lake mwenyewe, akabeba miti ya paa begani. Wifi alikaa juu ya kaburi la Petro mpaka balozi wa nyumba kumi alipokuja kumwambia kwa upole, "Mama, lori haliwezi kusubiri." Mwaka uliofuata walikuja wageni wa mkoa, na katibu wa kijiji akaagiza kwaya iwapokee kwa wimbo wa kilimo wenye sauti tamu. Akauchagua wimbo wetu huo huo wa Utatu, akatia maneno ya karanga na mbolea. Kaka hakubisha, karanga hazina ubishi wa umoja na wingi. Tuliuimba, wageni wakapiga makofi. Wifi alirudi nyumbani akalala kifudifudi, hakupika siku hiyo.

Mwezi Julai 1977 sauti ya marehemu ilianza kukauka. Alitibiwa Singida, kisha akapelekwa Dodoma, ambako tuliambiwa ana uvimbe kooni na kwamba tumekwisha kuchelewa. Wauguzi walimhudumia vizuri, tunawashukuru. Alirudishwa nyumbani mwezi Machi mwaka huu. Kuanzia hapo tulimuuguza, wifi na mimi, kwa zamu, na sitawadanganya kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Kufikia Agosti alikuwa hamezi ila uji mwepesi, na maneno yake ilibidi uyasome mdomoni.

Asubuhi moja wifi alikuwa anamgeuza ubavu ili amwogeshe. Mgongo wake yeye mwenyewe ulikuwa umekwisha. Akaegemea kitanda akasema, si kwa wimbo, ni kwa kuchoka tu:

"Baba, umsaidie. Mwana, umsaidie. Roho Mtakatifu, umsaidie. Mimi nimeshindwa."

Kaka akamkamata mkono. Tulidhani anataka maji. Akatikisa kichwa, mdomo ukasema, "Rudia." Wifi akarudia. Kaka akaanza kugonga ubao wa kitanda kwa vidole, na mimi nikautambua mwendo ule, ingawa sasa aliurudia mara tatu, mara moja kwa kila jina. Wifi alichelewa kuelewa. Kisha akaanza kuimba, sauti imekwaruza kwa miezi ya kuuguza: "Baba, utubariki. Mwana, utubariki. Roho, utubariki." Kaka alilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo koo lake halikuliweza, tukaogopa.

Alipotulia, niliweka sikio langu karibu na mdomo wake. Alisema, "Miaka yote tulikuwa tunamsema Mungu. Kama vile hayupo."

Wifi akamuuliza, "Na wale watatu wangu?"

"Si umewaita wote kwa majina?"

"Na Mungu?"

"Mmoja," akasema kaka. Wakashikana mikono, watu wazima wale, mbele yangu. Nikatoka nje nikaenda kuchanja kuni ambazo hazikuhitajika.

Marehemu alifariki nyumbani, asubuhi ya Alhamisi tarehe 14 Septemba 1978, mkewe akiwa anamwimbia. Jana nilikwenda misheni kumweleza Padre wimbo ulivyokuwa sasa, nikauimba vibaya, kwa kuwa sauti njema hawakunigawia mimi. Akasema hivyo ndivyo Kanisa linavyoomba tangu zamani, "Bwana, utuhurumie," na kwa nini hatukulifikiria. Nikamwambia, "Shikamoo, Padre, na wewe mbona hukulifikiria?" Aliinama. Alisema leo atauimba na sisi, upande wowote tutakaompanga. Namshukuru, na tutampanga upande wa wanawake.

Marehemu ameacha mjane, Felista, watoto watatu, Fabiano, Anastasia na Sara, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye ndiye huyu anayewasomea. Serikali ya kijiji tunaishukuru kwa kuturuhusu kumrudisha huku alale pembeni ya mwanawe.

Mpiga chapa amemalizia karatasi hii kwa maneno yanayoandikwa siku zote, "Apumzike kwa amani." Ni maneno mema, lakini ni ya kumsema mtu. Kaka, miaka minane umesimama mbele yetu mdomo umefungwa kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya mkeo, na hakuna kati yetu aliyekuambia pole. Pole, kaka. Umechoka. Upumzike kwa amani.