Kidari cha Mjomba

Baada ya alasiri, benchi lililo mbele ya kinyozi, kwenye barabara ya kuteremkia bandari ya Rumonge, huwa na watu wale wale na birika lile lile la kahawa. Siku hiyo katikati yao palikuwa na kipande cha nyama ya mbuzi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kilitoka kwa Nasoro asubuhi, kikaenda Minago kwa shemeji yake Zubeir, na sasa kimerudi. Jamila, binti wa Nasoro, anaolewa Ijumaa, na katika ukoo wao mjomba wa bibi harusi hupelekewa kidari cha mbuzi wa harusi. Akikila, ndiyo ametoa baraka. Zubeir amekirudisha bila neno. Nasoro, fundi cherehani asiyependa makelele, alikuwa ameshika kikombe wala hanywi. Ndoa bila mjomba inafungwa, hilo analijua. Lakini Jamila hana mama, na Nasoro hakutaka siku hiyo mtoto akose hata ndugu wa mama yake.

— Ni mukato ndio umemukasirisha, — alisema Djibril, mchinjaji, ambaye kijiwe kinamwita Shoka. — Lakini si kosa yangu. Kidari ni pale mbuzi inagusa chini ikilala. Nilikata pale pale.

— Ikilala namna gani? — aliuliza Pontiani. Huyu anauza mawese, na kwa kupenda kesi za watu wamembandika jina la Avoka, yaani wakili. — Kule Kigoma tulikimbilia wakati wa vita, kidari inashuka na nyama ya tumbo. Umemutumia mujomba nusu ya heshima.

— Na Minago wanakata pamoja na mbavu. Sasa mimi nitajuaje? Kila mutaa iko na mbuzi yake.

Hapo Boaz akaweka kikombe chini. Boaz anafundisha biolojia kwenye lise, shule ya sekondari, na benchi linamwita Latini. Alikuwa akiingoja siku kama hii tangu apate diploma.

— Ndiyo maana wataalamu walikaa wakapatana, — alisema. — Kila kiungo jina moja, kwa Kilatini, dunia nzima. Mufupa wa kidari unaitwa sternum. Ukiutaja hapa, ukiutaja Japani, ni ule ule, hata mbuzi amelala, hata amesimama.

— Na mbele ya mbuzi ni wapi?

— Hatusemi mbele, Avoka. Mbele ya mutu ni tumbo, mbele ya mbuzi ni kichwa, watu watagombana. Tunasema upande wa tumbo, upande wa mugongo, upande wa kichwa, upande wa mukia. Hapo hakuna kesi.

— Bado sijaona, — alisema Pontiani, akapiga magoti, akaweka na viganja vumbini. — Nionyeshe.

Boaz akatoa kalamu ya biki mfukoni, akaipitisha mgongoni mwa Pontiani, akaishusha ubavuni mpaka tumboni. Wapita njia walisimama kutazama. Nasoro naye alitazama, akatamani kucheka, kicheko kikakataa.

— Sasa nikisimama, tumbo inahama?

— Haihami. Inabaki upande wa tumbo.

— Na mukia yangu je?

— Uko mufupa mudogo mwisho wa uti. Huko ndiko upande wako wa mukia.

Pontiani aliinuka upesi, akajipangusa magoti.

— Hiyo usifundishe watoto.

— Na mukeke? — Djibril akadakia. — Samaki haina shingo. Kidari yake inaanzia wapi?

— Samaki hana sternum, — alikiri Boaz.

— Donc, basi, kule Kabonga, mutu akifanya harusi na samaki, mujomba anakula nini?

Kuanzia hapo hakukuwa na wa kumzuia mwenzake. Djibril alitaka mbuzi achorwe kwenye ukuta wa ofisi ya komini, na mistari yake, kila mchinjaji apite asome. Pontiani akasema mbuzi wanaotoka Kongo wapewe karatasi mpakani, kwa sababu wanaingia na kidari cha kule na kuliwa kwa kidari cha hapa. Boaz akawashinda wote: wachinjaji wasome Kilatini, na wajomba wote wa ziwa hili, toka Muhuta mpaka Kabonga, wale kitu kimoja, ndoa zipone.

— Mbuzi yako bado imetundikwa, Nasoro, — alisema Djibril. — Nitakata upya, na mbavu, na tumbo, na shingo ukitaka. Irudi Minago leo leo.

Nasoro alikubali kwa kichwa. Moyo wake ulitulia kidogo. Kosa la kisu, aliona, ni kosa la kurekebishika.

Muda huo mama mmoja aliyeshuka kwenye gari la Nyanza-Lac alikuwa ameomba kahawa, anakunywa akiwa amesimama, anawasikiliza. Jina lake Eliana, hakuna aliyemjua.

— Amahoro, baba. Munisamehe. Hii nyama, nani aliipeleka kwa mujomba?

— Taksi-moto, kijana wa pikipiki, — alisema Djibril.

— Siulizi mwenye moto. Ni nani wa nyumbani alienda nayo?

Boaz aliangalia kikombe chake. Wote walijua kwamba tangu azikwe Mwasiti, mkewe, Nasoro hajakanyaga Minago, ila hakuna aliyejua sababu. Hakuwa na ugomvi na Zubeir. Alikuwa akiuogopa uso wake tu. Zubeir na dada yake walifanana kupita kiasi, macho yale yale, hata namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza, na siku ya msiba kumtazama kulimuuma Nasoro kuliko kaburi lenyewe. Lakini Zubeir naye alifiwa. Alimpoteza dada, kisha shemeji akapotea, na leo ametumiwa heshima yake na mtu wa pikipiki asiyemjua. Nasoro aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

— Shoka, usikate kitu, — alisema taratibu. — Mukato ulikuwa sawa.

Aliinuka na kile kidari mkononi, akamwendea Irakoze, kijana wa taksi-moto aliyeegesha pikipiki kwenye kona.

— Minago.

— Jua kali bado, muzee. Tungoje kidogo?

— Hapana. Twende sasa, kabla sijapata sababu ingine.