Waliozima Mashine Kuja Kumzika Erastus Bwire

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Masaba, ndugu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na nyinyi wafanyakazi wa kinu mliosimama kule nyuma juani kwa sababu viti vya hema vimekaliwa na wageni wa kampuni, mimi ni Nerima, dada yake marehemu anayemfuata kuzaliwa, familia imenituma niwasomee maisha yake, wakaniomba nisome kwa upole, nikawaambia nitajaribu.

Marehemu Erastus Bwire alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Masaba, wilaya ya Busia upande huu wa Uganda, mtoto wa nne wa marehemu mzee Matayo Bwire, mkulima wa pamba na mihogo, na mama yetu Loy Nasirumbi, ambaye yuko hai, ameketi pale karibu na jeneza, anamzika mtoto aliyetarajia kuwa ndiye atakayemzika yeye.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1971, akajiunga na sekondari mjini Tororo mwaka 1978, miaka ambayo sabuni na chumvi vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi, akavumilia, na mwaka 1984 akaingia Chuo Kikuu cha Makerere, akatoka na shahada ya biashara mwaka 1987, na mzee Matayo akachinja ng'ombe aliyekuwa amemtenga kwa mahari ya mwanawe mwingine, ugomvi ambao haujaisha vizuri hadi leo.

Alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya forodha pale Malaba hadi mwaka 1995, akaajiriwa na Kampuni ya Unga ya Daraja, yenye kinu kikubwa Tororo na maghala pande zote mbili za mpaka, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na tarehe 3 Januari 2011 akafanywa Mkurugenzi Mkuu, si kwa sababu walimpenda, ila kwa sababu kampuni ilikuwa inakata roho na hakuna mtu wa mjini aliyetaka kuwa daktari wake.

Wakulima wa Kiyeyi na Mulanda walikuwa wakivusha mahindi yao kwenda kuuza ng'ambo kwa sababu mizani ya kampuni ilikuwa inawaibia, wafanyakazi nao wakaiibia kampuni, magunia yakitoka kila usiku, bodi ikaleta walinzi na mbwa, wizi ukaongezeka, na mameneja wakajijengea lango lao wenyewe ili wasikutane na watu wenye vumbi la unga.

Mwezi wa pili wa uongozi wake alifariki fundi mmoja wa kinu, ndugu zake wakaja kuomba gari la kupeleka mwili nyumbani, wakaambiwa wasubiri mkutano wa mameneja uishe, Erastus aliposikia akausimamisha mkutano, akaamuru mashine zizimwe, akawapandisha mameneja wote kwenye lori pamoja na wapakizi, wakaenda kuchimba kaburi, wengine wakiwa na viatu vya ngozi, na kuanzia siku ile ukawa utaratibu, akifa mfanyakazi yeyote, awe mfagiaji au meneja, gari la kampuni linambeba hadi kwao, hata kama ni ng'ambo ya mpaka, na siku ya kumzika mashine zinanyamaza.

Akafunga lango la mameneja, akahamishia mikutano yao kwenye mizani mbele ya wakulima, akakataza Kiingereza katika mikutano hiyo ili kila mtu asikie anachopangiwa, na wizi ukapungua, tena bila mbwa, kwa maana wapakizi wenyewe walikuwa wakisema, "Huyu mzee nakula na sisi, nazika na sisi, sasa sisi naiba yeye namna gani?" Wakulima wakarudi, kinu cha pili kikafunguliwa upande wa Kenya mwaka 2016, na bodi ikaanza kualikwa hotelini Kampala na Nairobi kueleza ilivyofanya maajabu.

Sitawadanganya kwamba alikuwa malaika, alikuwa mkali, alikuwa mkaidi, alimfukuza kazi binamu yetu Egesa kwa kuuza nafasi za foleni pale mizani, Egesa akakaa miaka asimpe hata salamu, lakini alimfukuza akimtazama usoni, akamweleza kosa lake, na Egesa ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi hili.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Nereah Auma, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, tarehe 18 Desemba 1993, Mungu akawajalia watoto watatu, Winfred, Sydney na Caro, na ninawaambia hawa watoto wasione haya kulia mbele ya wakubwa.

Mwaka 2022 bodi ilileta washauri, wakatembea kinuni siku chache, wakaandika kwamba kuzima mashine kwa sababu ya msiba ni hasara na gari la mazishi ni anasa, Erastus akatakiwa kutia sahihi, akakataa, na tarehe 30 Septemba 2022 akaondolewa kwa ujumbe wa simu, baada ya miaka ishirini na saba, na kweli asante ya punda ni mateke.

Novemba mwaka ule ule alifariki ndugu Owor wa Mulanda, mpakizi katika ghala la upande wa Kenya, mjane wake Dorcas akakaa nje ya mochari akingoja gari la kampuni, halikuja, na Erastus, asiye na cheo tena, akaazima pikapu ya vitunguu ya jirani yetu Elphas, akaiosha mwenyewe, akamvusha Owor mpaka, akamfikisha kwao.

Figo zake zilianza kushindwa Oktoba 2023, akasafishwa damu katika hospitali ya ng'ambo kwa muda mrefu, na Jumapili tarehe 8 Juni 2025, alfajiri, akatuacha, na siku ya kuchukua mwili kampuni, ambayo haikuwahi kumtuma hata mtu mmoja kumjulia hali, ilituma gari refu jeusi lenye maua hadi kwenye vioo, wifi yangu akaliangalia, akasema, "Kama Owor hakubebwa, basi hata mzee wangu hamtambeba," na Erastus akaja nyumbani kwa pikapu ya Elphas.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, maofisa wa mpakani waliotupisha foleni, majirani waliopika na kukesha, Elphas, na Dorcas aliyekuja toka Mulanda na kuni kichwani, na kampuni tunaishukuru kwa shada la maua, mtaondoka nalo.

Mwenyekiti wa bodi, uliyeketi kiti cha mbele, umeomba muda uzungumzie mafunzo ya uongozi tuliyoachiwa na marehemu, na umeomba wakurugenzi wabebe jeneza mbele ya kamera, huku juzi mlibandika tangazo langoni kwamba atakayeacha zamu kuja hapa leo atahesabiwa ametoroka kazi, na hawa wafanyakazi wakalisoma, wakazima mashine, wakaja, wakiwa na watoto wa kusomesha kama wewe.

Familia imekaa na kuamua kwamba hutazungumza. Wafanyakazi wa zamu, njooni mbele, nyinyi ndio mtakaombeba, na njia ya kwenda kaburini inapita hapo ulipoweka kiti, mwenyekiti, kwa hiyo unaombwa usimame uwapishe, uwatazame nyuso mmoja mmoja wanapopita, na kama kesho utawafukuza, uwe unajua ni akina nani.

Kaka Erastus, pumzika wewe kwa amani, sisi huku bado.